Wimbo Niliotumwa Kuufuta

Baba yangu alizikwa Jumatano baada ya sala ya adhuhuri, hapa hapa Ngokolo, Shinyanga, na kabla jeneza halijanyanyuliwa watu sita walishasimama kumdai. Hawakudai pesa. Walidai nyimbo.

Kwa asiyejua desturi yetu, mtu hapelekwi kaburini na haki za watu mgongoni. Baba mdogo, mdogo wake baba wa tumbo moja, mwalimu wa madrasa na mtu asiyependa mzaha, alishika kipaza sauti pale uani akasema yanayosemwa kila msiba: kama kuna anayemdai marehemu ajitokeze kwa familia, na kama kuna aliyekosewa naye, amsamehe kwa ajili ya Mungu. Kwa kawaida watu huitikia kwa pamoja kwamba wamesamehe, kwa sauti ya kutaka kuwahi kivuli, na safari ya makaburini inaanza. Siku ile hawakuitikia. Sisi wanawake tulikuwa ndani, tumebanana kuanzia chumba cha mbele mpaka jikoni, masikio dirishani. Tukasikia mwanamume anakohoa.

Alikuwa mnunuzi wa dhahabu kutoka Katoro. Akasema marehemu alimtungia wimbo kuhusu mizani yake, na wimbo huo mpaka leo unapigwa kwenye banda lililo mbele ya duka lake, asubuhi na jioni. Hawezi kusamehe kitu kinachoendelea kumpiga. Ukifutwa, atasamehe. Akasimama mtendaji mstaafu, naye na wimbo wake. Akasimama mwenye bucha. Kila aliyesimama alitanguliza pole, akataja wimbo wake, akakaa. Ndani wanawake walianza kufinyana, maana nyimbo zenyewe wanazijua mpaka viitikio, na kucheka msibani ni aibu. Wa sita nilimtambua kabla hajataja kitu, kwa namna anavyovuta pumzi puani kabla ya kusema. Alikuwa mume wangu wa zamani, muuza spea za pikipiki wa Nyasubi, Kahama. Akasema yeye naye alivuliwa nguo hadharani na marehemu, na wimbo wake hautajwi jina mbele ya maiti.

Wanawake wote mle ndani wakageuka kuniangalia. Nisikudanganye, nilichokifikiria wakati ule hakikuwa baba, wala kaburi, wala Mungu. Nilifikiria kwamba katika dunia hii nzima mimi na yule bwana tumebaki na jambo moja tu tunalokubaliana, na ndilo hilo: ule wimbo ufe.

Nianze kumweleza baba mwenyewe. Babu yake alitoka Ujiji akifuata reli, mama yake alikuwa Msukuma wa vijiji vya hapa karibu, na yeye akatoka na sauti ambayo kila mtu alidhani ni ya msikitini. Akiwa mdogo alisoma maulidi mpaka wazee wakajifuta macho. Walishamwona sheikh. Alipofika miaka kumi na tisa akauza baiskeli ya baba yake, akanunua gitaa, akakimbilia machimboni Geita, na huko akaanza kutunga. Alikuwa na sura mbaya, anajijua, na nyimbo zake nyingi zilianza kwa kujitukana mwenyewe: masikio yake, meno yake, wake zake watatu waliomkimbia kwa zamu. Ukishacheka na kulegea, ndipo anakugeukia wewe.

Na alikugeukia kweli. Aliimba mambo ambayo watu wanayajua lakini wanayapitia pembeni. Aliimba mtendaji anayelala na mhuri chini ya mto. Aliimba waumini wanaojaa msikitini siku ambayo mgeni kachinja ng'ombe. Akifukuzwa Kahama anahamia Katoro, akifungiwa Katoro anarudi Shinyanga, na kila anapofungiwa watu wanaongezeka. Mama yangu alivumilia miaka minane, akarudi kwao Tabora, akaniacha nilelewe na bibi. Nilikuwa nikienda shule naimbiwa nyimbo za baba yangu njiani. Ndiyo maana nina hasira za karibu mpaka leo, na sioni haya kusema.

Kuna mwaka alikuwa akiimba kwenye baa moja upande wa Kahama, wanakokunywa watu wa migodini. Mfaransa mmoja, mpima miamba, alimsikiliza Jumamosi tatu mfululizo bila kuelewa neno, kisha akamwita mezani na mkalimani. Akamwambia kwao Ufaransa palikuwa na mtunzi kama yeye. Hanyoi ndevu zikaisha, sigara haitoki mdomoni, anaimba yale ambayo mtu hayasemi mbele ya mkwewe. Redio zilimfungia, watu wa dini walimlaani, waliotungiwa walimkasirikia, na alipokufa nchi nzima ikalia, waliomlaani wakiwa mbele. Akampa na sidii. Baba aliileta Ngokolo, akatukalisha sebuleni sisi wote tusiojua hata salamu ya Kifaransa, akaipiga mwanzo mpaka mwisho macho kayafumba.

"Huyu anamtukana mtu," akasema. "Tena anamtukana kwa kunong'ona. Mimi nimekuwa napiga makelele bure."

Kuanzia siku hiyo baba hakuimba tena kwa koo. Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, gitaa likitembea taratibu nyuma yake, unasogeza sikio mwenyewe, na ukishasogeza umekwisha. Wachimbaji waliomzoea kwa vishindo walishangaa wiki moja, wakazoea, wakamgeuza kipenzi upya. Hivyo ndivyo Mfaransa aliyekufa huko kwao, asiyewahi kusikia jina la Katoro, alivyobadilisha muziki wa Katoro. Baba alipenda kusimulia kwamba alimuuliza yule mpima miamba swali moja tu: aliowaimba walimsamehe? Mzungu akacheka, akasema hajui. Baba hakufurahia jibu hilo, na alilirudia rudia mpaka tukalichoka.

Sasa wimbo wangu.

Niliolewa Nyasubi nikiwa na miaka ishirini na mbili. Miaka minne ikapita bila mimba. Mama mkwe alinipeleka kwa waganga, kwa masheikh, kwa nesi mmoja aliyenibinya tumbo kama anachagua embe. Kila mtu alinipima mimi. Siku moja nilimwambia mume wangu twende hospitali sote wawili, akanijibu kwamba ana kazi nyingi dukani. Nilimwambia mara tatu, kwa miezi tofauti, na mara zote dukani pana kazi nyingi. Mwaka wa tano nikarudishwa Ngokolo na godoro langu juu ya basi. Nilimkuta baba jikoni, siku moja ambayo alikuwapo nyumbani kwa bahati mbaya, nikalia, nikamweleza yote, hadi lile la hospitali ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Akaniwekea chai. Akanishika kichwa, na mimi mjinga nikaona kwamba leo nimepata baba.

Wiki mbili baadaye aliimba kwenye harusi Nyasubi. Mtaa ule ule. Wimbo haukuwa na jina la mtu, ila nani hakujua?

Mmempima kuku, mmempapasa kuku,
mmemrudisha kuku kwao na godoro lake.
Muulizeni na jogoo, jamani,
jogoo naye ana la kusema.

Halafu gitaa linanyamaza kidogo, na baba ananong'ona kama mtu anayekupa siri kwenye foleni: "Aliambiwa twende hospitali. Akasema ana kazi nyingi dukani."

Harusi nzima ilianguka kicheko. Nilipigiwa simu na rafiki yangu wimbo haujaisha. Watu walidhani nitafurahi, kwamba baba kanitetea. Kunitetea kwa lipi, wakati siri yangu ya jikoni imegeuzwa kiitikio cha walevi? Nilikwenda sokoni nasikia mtu akinong'ona nyuma yangu "ana kazi nyingi dukani". Wanaume walionichumbia baadaye, wawili, walikuwa wamesikia wimbo kabla ya kuniona sura. Kwetu mwanamke mtu mzima anaitwa Mama wa mwanawe. Mimi nikabaki Shangazi, na fundi cherehani, na yule wa kwenye wimbo. Kwa miaka tisa sikuzungumza na baba. Nikimkuta nampa shikamoo kwa sababu dini inanitaka, ananijibu marahaba, na hapo ndipo mazungumzo yetu yanapoishia. Aliugua wiki tatu, nikamwosha na kumlisha, na bado nilimnyima neno. Alikufa akiniangalia. Roho inaniuma, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Baada ya mazishi baba mdogo akakaa na wanafamilia. Alisema marehemu yuko kwenye mizani ya kweli sasa, na kila wimbo unaomdhuru mtu ukipigwa huku juu, kule chini haachwi apumzike. Waliodai wamepewa ahadi hadi siku ya arobaini. Nani ataifanya kazi? Watu wakaangalia vidole vya miguu. Nikanyoosha mkono. Baba mdogo akajua kabisa kwa nini nimeunyoosha, akaniandikia karatasi ya nyimbo sita na nani anayedai upi. Wangu ulikuwa wa mwisho. Nikafunga cherehani, nikafunika sare za wanafunzi zilizobaki kwa shuka, nikapanda basi la Kahama.

Nyimbo za baba hazikuwa redioni. Ziko kwenye yale mabanda ya sokoni ambako mtu anakaa na kompyuta na spika, unampa simu au memori kadi anakuingizia nyimbo unazotaka. Banda la kwanza Nyasubi mwenyewe alikuwa mwanamume wa makamo, kipara, mpole. Nilimweleza kila kitu: msiba, madai, arobaini. Akanipa pole, akasema hamna shida atafuta, ila majina aliyoyaandika kwenye mashine ni ya kubuni, itabidi apige mmoja mmoja nimwambie ni ule wenyewe au siyo. Nikasema sawa. Nilitegemea atatumia spika ndogo. Akaziwasha zile kubwa za nje.

Wimbo wa kwanza, watu wanne wakasimama. Wa tatu, walikuwa ishirini. Ulipofika wa sita sikuwahesabu tena. Nimesimama na baibui langu katikati ya soko la Nyasubi, mita chache kutoka duka la spea la yule bwana, na sauti ya marehemu baba inanong'ona kwa spika nne kwamba jogoo ana kazi nyingi dukani. Umati ukajibu kicheko. Yule kipara akaniuliza kwa heshima zote, "Ni huu, dada?" Nikasema ni huo. Kabla hajagusa kitufe cha kufuta, akina mama wawili na dereva wa bodaboda walishamnyooshea simu wakitaka waingiziwe haraka kabla haujafutwa.

Nilikuwa nimefanya upumbavu ambao hata adui asingenifanyia. Lakini niligoma kurudi nyumbani. Nilipiga moyo konde, nikanunua vile visikilizio vya kuziba masikioni, na kuanzia banda la pili nikasikiliza mwenyewe kimya kimya na kusimamia kila wimbo unavyofutwa kwa macho yangu. Siku tatu Nyasubi, mabanda yote. Halafu nikaenda Ushirombo, nikafika Katoro siku ya tano, na huko nikakuta habari imenitangulia. Watu walikuwa wanakwenda kwenye mabanda wanasema, niwekee zile za marehemu ambazo binti yake anazifuta. Mwenye bucha alimpigia baba mdogo simu, akasema wake uachwe, wateja wanakuja kumwona. Mnunuzi wa dhahabu, wimbo wake ulipofutwa mbele ya duka lake, alisamehe, lakini mtu aliyeniletea habari alisema ameanza kununa kwa sababu hakuna anayemzungumzia tena. Wengine wote walisamehe, kwa roho safi au shingo upande. Akabaki mmoja, muuza spea, na mimi nikiwa upande wake.

Baada ya karibu mwezi mzima wa kuzunguka Katoro, kwenye banda kubwa karibu na stendi, mwenye banda alinisikiliza hadi mwisho akatikisa kichwa. Akasema wimbo wa jogoo wa marehemu anao, atafuta, lakini wanaouulizia huo ni wachache. Wengi wanataka ule wa akina mama wa kwenye karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu nje ya mji. Wameuimba wenyewe, mtu akaurekodi kwa simu. Akanisikilizisha. Sauti za wanawake kumi, kumi na tano, nyundo zikigonga, hakuna gitaa, na hakuna kunong'ona hata kidogo. Wanapiga kelele.

Damu ilinipanda. Baba kaniuza mara moja, na sasa watu nisiowajua wananipigia nyundo juu ya mawe! Nikamwambia mwenye bodaboda anipeleke huko huko, sasa hivi, na nikiwa juu ya pikipiki nikapanga maneno yote nitakayowaambia.

Niliwakuta chini ya turubai, wamekaa chini miguu wameinyoosha, kila mmoja na rundo la mawe, wanaponda yawe madogo ya kuingia kwenye mashine. Vumbi jeupe mpaka kope. Nikasalimia, wakaniitikia, mmoja akanitupia "mwangaluka" ya Kisukuma na mimi nikamjibu kwa sababu bibi alinilea nayo. Walinisogezea ndoo niikalie. Aliyeonekana mkubwa wao alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka hamsini hivi, kitambaa chekundu kichwani, mikono yote makovu. Nikampa shikamoo. Nikawaeleza kwamba mtunzi wa wimbo wao amefariki, familia ina ahadi, kwa hiyo nimekuja kuwaomba wauache.

Hakukasirika. Aliponda jiwe lake likaisha, akaniuliza kwa uso wa mtu anayetaka kweli kujua, "Sasa tukiponda tuimbe nini, mdogo wangu?"

Yale maneno yote niliyoyapanga kwenye pikipiki yalinitoka. Nikasema wimbo wenyewe hata hawaujui vizuri, wamekosea, baba hakusema hivyo. Nikawaimbia mstari wa kuku na godoro. Wakanicheka. Wakasema mimi ndiye niliyekosea. Kwao mwanamke halii, na harudishwi. Anabeba godoro lake mwenyewe kichwani, anapita nalo katikati ya soko, anamsalimia mume wake dukani kwa jina lake kamili, anakwenda zake. Halafu kila mmoja ana ubeti wake. Mmoja aliachwa Sengerema na watoto wawili mgongoni, akaimba wake. Mwingine alirudishwa kwa sababu alizaa mabinti watupu. Kiitikio ni kimoja kwa wote: muulizeni na jogoo.

Nikawaambia, "Mimi ndiye niliyerudishwa. Ule wimbo ni wangu."

Walicheka zaidi. Mmoja akasema haiwezekani, yule wa kwenye wimbo ni mwanamke mnene mwenye mdomo, binamu yake anamfahamu, anauza samaki Mwanza. Mwingine akanitania kwamba kwa mwili wangu huu godoro lingenilalia njiani. Nami nikajikuta natabasamu, mimi niliyekuja kupigana. Yule mkubwa wao peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama mikono yangu, mikono ya fundi cherehani, isiyo na kovu.

"Alikwenda hospitali?" akaniuliza.

"Hakwenda."

"Wangu naye hakwenda," akasema. "Miaka kumi na moja."

Kicheko kikafa. Aliyekaa mwisho akasema wake alikwenda akachana majibu getini. Mwingine akasema wake alimtuma mdogo wake akapimwe badala yake. Walisema mmoja mmoja, bila haraka, kama watu wanaosema wametokea kijiji gani, na hakuna aliyemwonea mwenzake huruma wala kumshangaa. Kwa miaka tisa nilidhani jambo lile limenipata mimi tu, ndiyo maana lilifaa kufichwa. Baba alikuwa anaimba huku machimboni maisha yake yote. Alikuwa anajua. Nililia pale juu ya ndoo, waziwazi, na vumbi likaganda mashavuni. Sikulia kwa kumsamehe. Nilikuwa na hasira naye vile vile, kwa sababu angeweza kuniuliza kwanza. Hata Mfaransa wake anayenong'ona, nadhani, aliwauliza wa kwao mara moja moja. Lakini wimbo na namna ulivyopatikana ni mambo mawili, na mpaka siku ile sikuwahi kuyatenganisha.

Simu ikaita. Baba mdogo. Arobaini ilikuwa inakaribia, alikuwa anataka kujua kama nimemaliza ili aandae hitima kwa moyo mweupe. Nikamwambia watano wamesamehe. Akashukuru Mungu. Akauliza wa sita.

"Wa sita sifuti tena, baba."

Akaniambia kwa upole, ule upole wake wa darasani, kwamba mwenye haki hajasamehe, na kaka yake analala na deni. Nikamuuliza haki ya nani? Katika wimbo ule waliovuliwa nguo ni wawili. Yeye alisimama akadai kwa kipaza sauti. Mimi nilikuwa jikoni na hakuna aliyenifuata kuniuliza kama nadai. Basi mimi nadai. Nadai wimbo wangu, nimeupata, na mwenye mali akishapewa mali yake hakuna anayempangia aifanyie nini.

"Na yule bwana?"

"Mwambie marehemu hana wimbo huo tena. Uko kwangu. Anayeudai anifuate mimi, Ngokolo pale penye cherehani, mchana, mbele za watu. Aje na majibu ya hospitali."

Nilimsikia baba mdogo akivuta pumzi. Nilingoja anigombeze, na nilikuwa tayari, nimekaza miguu kabisa. Aliniuliza kama nafahamu kwamba nitausikia mpaka uzeeni, harusini na sokoni, na watu wakininyooshea kidole. Nikasema nafahamu. Akaniuliza tena, taratibu zaidi, kama na mimi mwenyewe nimemsamehe baba yangu. Nikamwambia bado, lakini nikifika nyumbani nitakwenda kaburini kumwambia hivyo mwenyewe, maana nimemnyima maneno ya kutosha. Akasema sawa, mwanangu. Akasema tena sawa, na simu ikakatika au akaikata.

Wanawake walikuwa wameweka nyundo mapajani, wananisikiliza. Yule mkubwa wao aliokota nyundo iliyokuwa pembeni, ya mwenzao ambaye hakuja siku ile, akanipa, akanisogezea mawe kidogo kutoka kwenye rundo lake. Akasema kama wimbo ni wangu kweli basi nitakuwa na ubeti wangu, na ubeti wa mwenyewe ndio unaoanza.

Sauti yangu si nzuri, sikurithi kitu. Nilianza juu mno, wakanishusha, nikaanza tena.